Dogo asome Sayansi ya Kompyuta yenyewe au hizi kozi mpya (Data, Usalama wa Mtandao, London ya mtandaoni, IIT Zanzibar)?

#1 Kibanda cha Juu

Wakuu, habari za mchana.

Kuna dogo kamaliza kidato cha sita, EGM. Uchumi C, Jiografia D, Hisabati ya juu E. Anataka kompyuta na hataki kusikia kingine. Bajeti ni milioni tatu kwa mwaka, chakula na malazi hayamo humo.

Zamani swali lilikuwa jepesi: unapata au hupati. Leo ukifungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kizunguzungu kinakushika. Pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), chuo chake cha kompyuta, CIVE, peke yake kina Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Usalama wa Mtandao na Uchunguzi wa Kidijitali, Mifumo ya Habari za Afya, Teknolojia ya Multimedia na Uhuishaji, na nyingine. Juu ya hizo kuna za mtandaoni: University of London kupitia Coursera, University of the People, IIT Madras ya India. Halafu IIT Madras hiyohiyo ina kampasi Zanzibar.

Madai yangu, mnipige mawe: nyingi ya hizi mpya ni Sayansi ya Kompyuta ileile iliyokatwa vipande, kila kipande kikavishwa jina lake. Nani anabisha?

#2 Bodaboda wa Data

Naweka kambi hapa. Chai ya tangawizi ipo, kashata ipo.

#3 Bibi Kodi

Nabisha, mkuu.

Fani yenyewe imevimba. Mtaala wa kimataifa wa ACM na IEEE (vyama vya wataalamu wa kompyuta), ule wa CS2023, una maeneo 17 ya maarifa: algorithimu, mfumo endeshi, mitandao, kanzidata, usalama, akili mnemba, lugha za programu na kadhalika. Sasa piga hesabu. Miaka mitatu ni mihula sita. Ukiweka masomo sita kila muhula unapata 36. Toa stadi za mawasiliano, maendeleo, ujasiriamali, fildi na mradi wa mwisho, unabaki na masomo kama 28. Maeneo 17 kwenye masomo 28 ni kugusa na kuondoka. Kwa hiyo chuo kikisema "hii kozi itachimba usalama, ile itachimba data", hakijakuibia. Kimekubali kwamba gunia halitoshi.

Swali la maana ni kipande gani kimeachwa nje. Chukua orodha ya masomo ya kozi mbili, ziweke kushoto na kulia, halafu tafuta vitu vitano tu: hisabati ya seti, mantiki na grafu; miundo ya data na algorithimu (mihula mingapi?); mfumo endeshi; usanifu wa kompyuta; takwimu na uwezekano. Kozi yenye vyote vitano ni Sayansi ya Kompyuta hata ikiitwa Uhandisi wa Maandazi. Yenye viwili ni kitu kingine, hata kama jina linang'aa.

#4 Kalamu Nyekundu

Kabla hamjafika mbali, tuweke sifa sawa. Kiwango cha chini cha TCU kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili ya tahasusi: A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Dogo ana C na D, yaani 5. Mlango mkubwa amepita.

Ila kila kozi ina mlango wake mdogo. Nyingi za kompyuta zinataka ufaulu kamili wa Hisabati ya juu, au zinakubali Hisabati ya kidato cha nne kama ya juu huna. E ni ufaulu kamili, S siyo. Watu wengi wanaangukia hapo. Soma mstari wa kozi husika kwenye mwongozo wa mwaka huu, siyo picha ya mwaka juzi inayozunguka kwenye magrupu.

#5 Fundi Mitambo

Bibi Kodi kaongea vizuri ila kasahau nani anasoma cheti. Nendeni kwenye matangazo ya Ajira za serikali, nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II. Maneno ni yaleyale kila mara: mwenye shahada ya kwanza katika Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, Uhandisi wa Kompyuta, au fani nyingine zinazofanana na hizo, kutoka vyuo vinavyotambuliwa na Serikali.

Uzito wote uko kwenye "zinazofanana". Mwenye Sayansi ya Kompyuta haulizwi chochote. Mwenye Multimedia na Uhuishaji, au Mifumo ya Habari za Afya, anaanza kwa kueleza kwamba yake inafanana. Anayechuja ana maombi elfu kadhaa mezani, hana muda wa kusoma maelezo ya mtu.

Kwa hiyo sababu ya kuchagua jina la zamani haina uhusiano na maarifa. Ni karatasi tu.

#6 Mtaa wa Saba

Fundi, unapanga maisha ya kijana kwa mlango mmoja. Nafasi zenyewe zinahesabika, waombaji hawahesabiki. Kampuni binafsi zinampa mtu kazi ya majaribio ya siku tatu na kuangalia alichoandika. Huko "zinazofanana" haina kazi.

Nami nina maelezo ya tatu kuhusu wingi wa majina, na sikubaliani na #1 wala #3. Ni udahili. Ukitangaza nafasi 600 chini ya jina moja, watu wanasema limejaa. Ukitangaza majina sita yenye nafasi mia mia, kila mmoja anaona kuna kitu chake. Mwaka wa kwanza wanakaa ukumbi mmoja, wanasoma kitu kimoja.

#7 Bibi Kodi

Mtaa wa Saba, kukaa ukumbi mmoja mwaka wa kwanza ni jambo jema. Hata madaktari wa kila aina wanaanza na mwili uleule. Tazama mwaka wa tatu ndiyo uhukumu.

#8 Ukuta wa Pwani

Assalaam aleikum. Hapa kwetu Unguja niseme kidogo kuhusu IIT, maana naona inatajwa kama uvumi.

IIT Madras Zanzibar ilianza 2023, ipo Bweleo. Ndiyo kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India. Ilianza na mbili: shahada ya kwanza ya miaka minne ya Sayansi ya Data na Akili Mnemba, na uzamili wa miaka miwili wa fani hiyohiyo. Kuingia ni mtihani wa mchujo kisha mahojiano. Matokeo ya skuli peke yake hayatoshi. Mchujo unapima hisabati na kufikiri, na mwenye E ajue anakwenda kukaa na watu waliofanya hisabati mno.

Ada iliyotangazwa wakati wa kufungua ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na dola 4,000 kwa uzamili. Piga dola kwa 2,500: milioni 30 kwa mwaka. Kwa bajeti ya milioni tatu, bila ufadhili hii si safari.

#9 Bodaboda wa Data

Milioni 30 kwa mwaka mara minne. Hapo unanunua bajaji kadhaa na bado unabaki na hela ya kumlipa mwalimu wa hisabati.

#10 Ukuta wa Pwani

Bajaji nazo zina mwisho wake, ndugu yangu.

Watu wanachanganya vitu viwili, na hili ndilo nilitaka lieleweke. IIT Madras ina shahada nyingine ya mtandaoni, Sayansi ya Data na Matumizi yake, iliyoanza 2020. Hiyo si ya Bweleo. Unaanza na hatua ya kufuzu: wiki nne za masomo manne (hisabati, takwimu, fikra za kikokotozi, Kiingereza), kisha mtihani. Ukipita unaingia ngazi ya msingi, masomo manane. Halafu ngazi ya diploma, halafu BSc kwa krediti 114, halafu BS kwa krediti 142. Ukiishia njiani unaondoka na cheti cha ngazi uliyofika. Chuo kinachokufukuza mwaka wa pili hakikupi hata bahasha.

Ugumu wake: mitihani ni ya kukaa kituoni, na vituo vingi viko India. Uliza kituo cha karibu kabla hujalipa, kwa sababu nauli ya mtihani mmoja inaweza kumeza ada ya muhula.

#11 Mzee wa Bando

Nimalizie hizo mbili za mtandaoni zilizobaki.

University of London: ilianza 2019 kwenye Coursera, upande wa taaluma unasimamiwa na Goldsmiths. Krediti 360, masomo 23, la mwisho ni mradi wenye uzito wa masomo mawili. Unaweza kumaliza kwa miaka mitatu hadi sita. Mwaka wa kwanza wa programu wanatumia JavaScript, baadaye C++ kwa programu za vitu. Ngazi ya mwisho unachagua mwelekeo: ujifunzaji wa mashine, data, michezo ya kompyuta, wavuti na simu, na kadhalika. Asiye na sifa kamili anaweza kuingia kwa kufaulu kwanza masomo ya kuanzia. Ukitumia kipimo cha Bibi Kodi, hisabati ipo, algorithimu ipo mara mbili, ila mfumo endeshi hauna somo lake zima. Umewekwa ndani ya masomo mengine.

Unalipa somo kwa somo, na bei inategemea nchi unayoishi. Hata kwa nchi za daraja la chini, jumla inakaribia au kuvuka pauni 10,000. Ukiitandaza miaka sita bado ni zaidi ya milioni tano kwa mwaka. Nje ya bajeti.

University of the People: ya Marekani, ilianza 2009, ikapata ithibati ya DEAC (chombo cha ithibati cha huko) mwaka 2014. Ada ya masomo hakuna, unalipa tathmini ya kila somo. Ilipokuwa dola 120 kwa somo, masomo 40 yalikuwa dola 4,800, pamoja na dola 60 za maombi. Imepanda tangu hapo. Mwaka una mihula mitano ya wiki tisa tisa. Kila wiki mjadala, kazi ya kuandika, na mara nyingi shajara. Kwa miaka mingi kazi nyingi wanafunzi walikuwa wakisahihishana wenyewe kwa wenyewe, hivyo alama yako ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeelewa swali au ambaye hakulielewa.

#12 Chapakazi Kiwalani

Mzee wa Bando umejichongea. London krediti 360, hiyo ya People krediti 120. Yaani theluthi moja. Ndiyo maana ya bei nafuu.

#13 Kalamu Nyekundu

#12, hizo ni sarafu mbili tofauti. Unalinganisha shilingi na dola kwa kuangalia tarakimu.

Krediti ya Uingereza ni saa 10 za kujifunza, kila kitu ndani: kusoma, mazoezi, mtihani. TCU nao wanatumia kipimo hichohicho, shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Kwa hiyo 360 × 10 = saa 3,600.

Krediti ya Marekani ni saa moja ya darasani na mbili za nje, kila wiki, kwa wiki 15. Hizo ni saa 45. 120 × 45 = saa 5,400, kwa sababu shahada yao ni miaka minne na ndani yake kuna masomo ya jumla: historia, falsafa, na kadhalika. Ukitaka kulinganisha, toa masomo ya jumla, kisha hesabu saa za kompyuta na hisabati peke yake.

#14 Chapakazi Kiwalani

Nimekusoma mkuu. Nakunja jamvi.

#15 Nondo za Chuma

Mnaongea krediti na karatasi. Ngoja nioneshe kinachotofautisha mtu aliyesoma algorithimu na aliyeruka.

Una orodha ya namba za simu milioni moja, tafuta zilizojirudia. Aliyeruka anaandika mizunguko miwili, mmoja ndani ya mwingine: kila namba inalinganishwa na zote zilizo mbele yake. Idadi ya jozi ni 1,000,000 × 999,999 ÷ 2, yaani 499,999,500,000. Mashine ikilinganisha jozi milioni 100 kwa sekunde, ni sekunde 5,000: saa moja na dakika 23. Kwa Python fanya mara kumi, karibu saa 14. Kwenye majaribio alitumia namba 500, ikaisha kufumba na kufumbua, akasema programu iko tayari.

Aliyesoma anapitia orodha mara moja, kila namba anaiuliza jedwali la hashi: "nimeshakuona?" Hatua milioni moja. Sekunde moja haiishi. Akiwa hana kumbukumbu ya kutosha, anapanga orodha kwanza, halafu anaangalia majirani tu.

Hili halina uhusiano na jina la kozi. Lakini kozi zinazopunguza hisabati ndizo zinazopunguza somo hili kuwa la muhula mmoja, na mwalimu anaishia kwenye kupanga kwa mapovu (bubble sort), njia ya polepole ya kuanzia.

#16 Mtaa wa Saba

Hesabu safi, #15. Ila leo kazi ikija ni hii: unganisha mfumo wa shule na malipo ya serikali, mzazi apate kontroo namba, akilipa risiti irudi yenyewe. Hapo hakuna jozi bilioni 500. Kuna kusoma nyaraka, kusaini ujumbe kwa cheti cha kidijitali, kupanga nini kifanyike mtandao ukikatika katikati ya malipo, na kuhakikisha risiti ikija mara mbili mzazi haonekani kalipa mara mbili. Uhandisi wa programu unafundisha hayo kuliko nadharia.

#17 Nondo za Chuma

"Risiti ikija mara mbili." Mkuu, utajuaje kwamba imeshakuja? Utaiuliza wapi, na kwa haraka gani zikiwa milioni moja?

#18 Bodaboda wa Data

😂😂 Kaingia mwenyewe kwenye nyavu.

#19 Mtaa wa Saba

Kanzidata ina faharasa, inafanya hiyo kazi yenyewe. Mtu hahitaji kujua kutengeneza injini ili aendeshe gari.

#20 Nondo za Chuma

Hadi siku gari linazima Mikese saa nane usiku. Endelea tu.

#21 Jirani wa Konza

Hamjambo ndugu zetu. Kutoka Kenya niongeze moja ambayo hamjaitaja: Open University of Kenya. Ilipewa hati Agosti 2023, makao yake Konza, na masomo ni ya mtandaoni. Ina shahada ya Sayansi ya Data na nyingine ya Usalama wa Mtandao na Uchunguzi wa Kidijitali. Kwetu sharti la chini la shahada ni alama ya C+ kwenye KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Kwa Mtanzania, kilichopo ni kwamba marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na IUCEA (baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki) ndiyo inayolishughulikia. Hiyo haimaanishi cheti kinatambuliwa chenyewe tu ukivuka Namanga. Bado unapitia tume ya nchi yako.

Na kuhusu majina, mimi naona sababu ya nne: waajiri wanatafuta kwa maneno. Mtu wa rasilimali watu anaandika "data" kwenye kisanduku cha kutafuta na wewe cheti chako kinasema kompyuta. Hukuonekana.

#22 Ndugu wa Ughaibuni

Niko huku Marekani. Vijana wengi wa nyumbani wanauliza kuhusu WGU (Western Governors University, chuo cha mtandaoni cha huku) kwa sababu wameona video za watu waliomaliza kwa miezi sita. Kwanza, inapokea wakazi wa Marekani. Pili, hiyo kasi ina maelezo: unalipa kwa kipindi cha miezi sita, si kwa somo, na ukithibitisha unajua somo unapita na kuendelea. Wanaomaliza haraka wanakuja na krediti walizohamisha kutoka kwingine, au wamefanya kazi hiyo miaka kadhaa. Anayeanza sifuri hakimbii hivyo.

Kwa wenye shahada tayari, hata kama si ya kompyuta: uzamili wa Georgia Tech wa mtandaoni upo tangu 2014, masomo 10, na kwa uzamili wa Marekani ni wa bei ya chini sana. CU Boulder kwenye Coursera hawaombi hata shahada ya kwanza, unafaulu masomo ya kuanzia unaingia. Krediti 30 kwa dola 525 kila moja, jumla dola 15,750.

#23 Fundi Mitambo

#22, hiyo ya kuingia uzamili bila shahada ya kwanza itazame vizuri kabla hujaisifia. Marekani ni halali. Ukirudi Tanzania, TCU wanapotathmini cheti cha nje wanaangalia kama chuo kina ithibati kwao, ulisoma kwa mfumo gani, muda gani, na uliingia na sifa gani. Mwenye uzamili asiye na shahada ya kwanza ataulizwa ngazi moja iko wapi.

Kwa anayefikiria chuo chochote cha nje, cha mtandaoni au cha kwenda, fanya hivi. Andika barua pepe kwa TCU kabla ya kulipa. Taja chuo, jina kamili la kozi, aliyekipa ithibati, mfumo wa masomo na sifa zako za kuingilia. Omba jibu kwa maandishi na ulihifadhi. Anayesafiri aulizie pia cheti chao cha kutokuwa na pingamizi. Wakati wa masomo, kila mwaka pakua matokeo na maelezo ya masomo, maana vyuo vinabadilisha tovuti na miaka minne baadaye ukurasa haupo. Kuwaza utambuzi baada ya mahafali ni kununua kiwanja kisha kutafuta ramani.

Na mkopo: HESLB na bumu lake anayesoma chuo cha mtandaoni cha nje asiuweke kwenye bajeti. Fildi pia hana wa kumwandikia barua. Hiyo ya fildi watu wanaidharau, lakini ndiyo inayomwingiza kijana ofisini kwa mara ya kwanza.

#24 Msomaji Kimya

Naulizia jambo dogo. Kozi zenye neno "uhandisi", kama Uhandisi wa Programu miaka minne, mtu anasajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi)?

#25 Kalamu Nyekundu

Neno "uhandisi" kwenye cheti si tiketi. ERB wanaangalia kama kozi yenyewe inatambuliwa nao kama ya uhandisi. Waulize wao kwa jina la kozi na chuo. Ukisajiliwa kama mhandisi mhitimu, kuna mafunzo ya SEAP ya miaka mitatu kabla ya kuwa mhandisi kamili. Upande wa TEHAMA kuna usajili wa wataalamu kwa Tume ya TEHAMA, huo ni mwingine.

#26 Mzee wa Bando

Kwa watakaokwenda mtandaoni, mambo ya chini kabisa ambayo ndiyo yanayowaangusha.

Bando: video ya ubora wa 360 inakula kama MB 300 kwa saa, ya 720 inafika GB moja. Shusha kwenye programu ya Coursera ukiwa kwenye Wi-Fi, angalia bila mtandao. Muda: somo moja la London ni krediti 15, saa 150. Ukichukua manne kwa muhula ni saa 600, hiyo ni kazi nzima siyo ya jioni. Malipo: kadi ya kidijitali ya simu inafanya kazi, ila ina kikomo cha siku, na jina likitofautiana na la usajili malipo yanakataliwa.

Mtihani unaosimamiwa kwa kamera: chaji kompyuta ijae, simu ya pili iwe na bando kama akiba, funga programu zote, mlango ufungwe. Umeme ukikatika piga picha ya saa na andika kwa msaada wao papo hapo.

Na UoPeople wiki inaanza Alhamisi na kuisha Jumatano usiku. Usichelewe Jumatano.

#27 Kalamu Nyekundu

Hapo mwisho umempotosha mtu, mkuu. Saa yao ni GMT-5 mwaka mzima. Kufunga ni saa 5:55 usiku wa Jumatano kwao. Sisi tuko mbele kwa saa nane, kwa hiyo ni Alhamisi saa 1:55 asubuhi kwetu. Mwenye kulijua hilo ana usiku mzima wa ziada.

#28 Mzee wa Bando

Sahihi kabisa, nimekubali. Saa mbili kasoro tano.

#29 Mama Vyungu

Kompyuta ya kununua je? Mwanangu anaingia Usalama wa Mtandao mwaka wa kwanza, naambiwa yoyote inatosha.

#30 Nondo za Chuma

Shikamoo mama. Kwa kozi hiyo si yoyote. Atafungua mashine mbili za kufikirika (kompyuta ndani ya kompyuta) kwa pamoja, ya kushambulia na ya kushambuliwa, kila moja inataka GB 2 hadi 4 za RAM juu ya ile ya Windows. GB 8 itakwama, tafuta 16, au yenye 8 na nafasi ya kuongeza. SSD ya GB 512. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji awashe, aingie kwenye BIOS, na aoneshe kama uwezo wa kuendesha mashine za kufikirika unawashwa. Chromebook iepuke. Iliyotumika ya kiofisi mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini yenye kichakataji dhaifu.

#31 Mama Vyungu

Marahaba mwanangu, asante. Nampelekea fundi hii hii.

#32 Kibanda cha Juu

Nimerudi wakuu. Nilikuja na madai moja, naondoka na manne yanayopigana: gunia halitoshi, udahili, karatasi, na kisanduku cha kutafutia.

Nilikaa na dogo tukafanya kile cha #3, orodha mbili kushoto na kulia. Sayansi ya Kompyuta ya miaka mitatu dhidi ya Uhandisi wa Programu wa miaka minne, vyuo vya umma. Vitano vyote vipo kwa zote mbili, tofauti ni kwamba ya pili ina mwaka mzima zaidi wa miradi na upimaji wa programu. Ada ya kila moja haifiki milioni mbili kwa mwaka, hivyo bajeti inabaki na nafasi ya laptop. Za mtandaoni tumeweka pembeni, isipokuwa anataka kujaribu wiki nne za kufuzu za IIT Madras akisubiri udahili, kupima hiyo E yake. Kituo cha mtihani bado tunaulizia.

Kati ya hizo mbili yeye anataka ya minne, mimi naona ya mitatu.

#33 Mtaa wa Saba

Ya minne.

#34 Fundi Mitambo

Ya mitatu. Mwaka mmoja wa ada na chakula ni hela ya kuanzia maisha.

#35 Bibi Kodi

Muulize kwanza kama anapenda kuandika programu au anapenda kompyuta. Kaeni naye na lile swali la namba za simu la #15, bila kumwonesha jibu, mwone anakaa nalo dakika ngapi kabla ya kushika simu.

#36 Msomaji Kimya

Samahani kwa kupindisha uzi. Mwenye stashahada ya TEHAMA GPA 2.8 anaingia wapi? Zote naona zinataka 3.0.

#37 Kalamu Nyekundu

Kwa mlango wa stashahada, 3.0 ndiyo kiwango cha TCU, 2.8 haipiti. Kuna kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, inapokea stashahada kuanzia GPA 2.0. Ukimaliza na wastani wa 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, unaomba shahada kwa cheti hicho pamoja na stashahada yako. Chagua kundi la sayansi. Ukichagua la sanaa halafu ukaombea kompyuta utarudishwa.